Tukacheze Wapi? Kuchagua Mahali Salama pa Kutembea na Familia

Likizo ya shule inapoanza, swali ni lile lile katika nyumba nyingi: "Baba, Jumapili tunakwenda wapi?" Ni swali zuri. Mtoto anahitaji kucheza kama anavyohitaji uji na usingizi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za michezo ya kutoa jasho. Kukimbia, kuruka na kupanda huimarisha mifupa na misuli, na huutuliza moyo wa mtoto. Zaidi ya hayo, familia inayotoka pamoja hupata nafasi ya kuzungumza ambayo haipatikani katika shughuli za kila siku.

Lakini mara nyingi tunachagua mahali kwa sababu tu tumesikia panapendeza. Kuna muziki, kuna chipsi, kuna bembea za rangi. Hatuulizi kama panawafaa watoto wetu. Likitokea baya, tunasema "ajali haina kinga." Katika ukurasa huu tunapenda kusema kinyume chake: ajali nyingi za watoto zina kinga, na kinga hiyo huanza siku ile tunapochagua mahali pa kwenda.

Tuanze na watoto wenyewe

Tuchukue mfano wa familia moja inayoishi kandokando ya Ziwa Victoria. Kuna baba, mama, bibi anayeumwa magoti, mvulana wa miaka 12, msichana wa miaka 8 mwenye ualbino, na kitinda mimba wa miaka 2. Baba ameahidi kuwapeleka ufukweni Jumapili baada ya Misa. Watoto wamefurahi, na majirani wameshaambiwa.

Kabla ya kutaja mahali, baba huyu angefanya vizuri kuwataja watu wake. Wa miaka 12 anataka nafasi ya kukimbia na mpira. Wa miaka 8 anataka kivuli. Wa miaka 2 asiwe karibu na maji wala barabara. Bibi anataka mahali pa kukaa na njia isiyo na mawe. Mahali pazuri kwa familia hii ni pale panapowafaa wote wanne, sio tu yule anayepiga kelele kuliko wengine.

Mmoja atangulie kuona

Shauri letu la kwanza ni hili: siku moja au mbili kabla, baba au mama apite mahali hapo peke yake. Robo saa inatosha. Atazame mambo yafuatayo.

1. Maji. Je, kuna ziwa, mto, bwawa la kuogelea, kisima au shimo lenye maji ya mvua? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Wengi wetu tunadhani anayezama hupiga kelele na kurusha mikono. Sivyo. Mtoto mdogo huzama kimya, kwa dakika chache tu, na hata maji ya kina cha sentimita chache yanatosha. Mahali penye maji yasiyo na uzio hapafai kwa mtoto wa miaka 2, isipokuwa kama yuko mtu mzima wa kumfuata hatua kwa hatua.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna jambo jingine la kukumbuka, nalo ni kichocho. Mayai ya minyoo ya kichocho huingia majini kwa choo au mkojo wa mgonjwa. Vimelea vinavyotoka humo huingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, huongezeka, kisha hutoka na kuogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Huipenya kwa dakika chache tu, na macho hayawezi kuviona. Konokono hao hupenda mahali palipotulia penye matete na majani, na vimelea hutoka kwa wingi wakati wa jua kali la mchana, saa ile ile watoto wetu wanapooga. Ufukwe wa mchanga wenye mawimbi una hatari ndogo kuliko penye matete, lakini hatuwezi kumwahidi mtu kwamba sehemu fulani haina kichocho kabisa. Mtoto aliyezoea kuoga ziwani, hasa akiumwa tumbo au akiona damu katika choo au mkojo, apelekwe kupimwa. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, nayo hutolewa kulingana na uzito wa mtoto.

2. Chombo cha kuvukia. Wakazi wa Mwanza wengine hupenda kuwapeleka watoto kisiwa cha Saa Nane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, wakaone pimbi na swala. Ni safari nzuri yenye mafunzo. Lakini hatujasahau MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, wala MV Nyerere karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza watu kupita kiasi. Kwa hiyo tuulize kabla ya kupanda: kila mtu ana jaketi la kuokolea? Je, kuna majaketi ya saizi ya watoto? Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto majini. Chombo kikijaa, tusione haya kushuka na kungojea kingine.

3. Bembea na vya kuteleza. Tutazame chini kwanza, kisha juu. Mtoto akianguka juu ya saruji au udongo mgumu, ndipo anapovunjika mkono au kuumia kichwa. Chini ya bembea pawe na mchanga laini wa kutosha, na kina cha sentimita 30 ni kizuri. Kisha tutikise nguzo kwa mkono. Minyororo imelika? Misumari imetokeza? Kuna chuma chenye kutu? Tuguse chuma cha kutelezea, kwa sababu kikipigwa na jua la saa sita huweza kuunguza ngozi ya mtoto. Mtandio, kamba za shingoni na vitambaa virefu vivuliwe kabla ya kupanda, maana vikinaswa huweza kumkaba mtoto.

Hapa tuseme jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Tunampakata mtoto mdogo na kuteleza naye tukidhani tunamlinda. Mguu wake ukigusa pembeni na kushikwa, uzito wa mtu mzima husukuma mwili mbele na mfupa wa mguu huvunjika. Ni salama zaidi ateleze peke yake kwenye kifupi, nawe umesimama kando.

4. Jua na kivuli. Ngozi ya mtu mwenye ualbino ina rangi ya asili kidogo sana au haina kabisa, na rangi hiyo ndiyo ngao dhidi ya jua. Madhara ya jua hujilimbikiza tangu utotoni, na saratani ya ngozi huweza kumpata angali kijana. Haimaanishi kwamba mtoto huyu afungiwe ndani wenzake wakienda kucheza. Maana yake ni kwamba familia ichague mahali penye miti mikubwa, iepuke jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kadiri iwezekanavyo, na imvalishe kofia pana, mikono mirefu na sketi ndefu au suruali. Mafuta ya kukinga jua yapakwe kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Watoto wengine nao wanahitaji kivuli na maji ya kunywa mara kwa mara, hata kabla hawajasema wana kiu.

5. Choo, maji ya kunawa na chakula. Je, choo kipo na kinafaa kwa bibi na kwa mtoto? Kama hakuna maji ya bomba, tubebe dumu lenye koki na kipande cha sabuni. Pilau lililopikwa alfajiri na kukaa kwenye joto hadi saa nane mchana huweza kuwaharisha wote. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye chombo kinachokihifadhi kikiwa moto sana. Ndizi, machungwa, karanga na mihogo ya kuchoma havina taabu hiyo.

6. Majirani wa mahali hapo. Barabara iko umbali gani? Je, bembea zimewekwa ndani ya baa, ambamo watoto watacheza katikati ya walevi? Je, kuna chupa zilizovunjika, mbwa wasio na mwenyewe, au mzinga wa nyuki kwenye mwamba? Miamba yetu inapendeza kuitazama, lakini mtoto asiyesimamiwa hupanda haraka kuliko anavyojua kushuka.

Nani anawatazama?

Tukiwa wengi, kila mmoja hudhani mwenzake anawatazama watoto. Hapo ndipo wanapopotea. Njia rahisi ni hii: chagueni kofia moja iwe "kofia ya ulinzi." Anayeivaa, kazi yake ni moja tu, kuwatazama watoto. Hapigi simu, hasuki nywele, hanywi pombe. Baada ya nusu saa humvisha mtu mzima mwingine na kumwambia kwa mdomo, "Sasa ni zamu yako." Kofia hiyo asipewe mtoto wa miaka 12. Naye amekuja kucheza, na tusimtwike mzigo ambao angeujutia maisha yake yote. Karibu na maji, mtoto aliye chini ya miaka 5 awe mahali ambapo mkono wa mlinzi unamfikia.

Baya likitokea

Mtu akizama, asiyejua kuogelea vizuri asijitupe majini, kwani mara nyingi hufa wote wawili. Mnyoshee mti au kanga, au mtupie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, huku ukiita msaada. Akishatolewa, msimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili atapike maji. Mnapoteza muda na kumdhuru. Mlazeni chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu chake, ziba pua, umpulizie pumzi 5 mdomoni huku ukitazama kifua kikiinuka. Asipoonyesha dalili ya uhai, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kucheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kuleta shida baadaye.

Mtoto akianguka na kugonga kichwa, dalili za hatari ni kuzimia, kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida, degedege, au damu na maji kutoka puani au masikioni. Asingojewe hadi kesho. Mkono au mguu ukivunjika, msiuvute wala kuukanda. Ufungeni kwenye ubao ulivyo na mwende hospitali. Kidonda cha chuma chenye kutu au cha udongo kioshwe kwa maji mengi na sabuni, na mtoto apelekwe zahanati iangaliwe kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika.

Basi familia yetu ilikwenda wapi?

Turudi kwa ile familia ya mfano. Mama alitangulia kuona ufukwe Ijumaa jioni. Alikuta matete, hakuna mti hata mmoja, na choo kimefungwa. Aliporudi alisema, "Baba nanihii, pale hapatufai." Baba alikunja uso, maana alikuwa ameahidi. Bibi ndiye aliyesema: "Mwanangu, ahadi yako ilikuwa kuwafurahisha watoto. Ziwa halikuwa ahadi, lilikuwa njia tu."

Jumapili walikwenda uwanja wa shule ya jirani, wakiwa wamemwomba ruhusa mwalimu mkuu. Kuna miembe mikubwa na nyasi. Walibeba mpira, kamba ya kuruka, mkeka wa bibi, dumu la maji na mihogo. Walifika saa tisa, jua lilipoanza kupungua, na muda wote wa kwanza msichana alicheza rede kivulini na wenzake. Kisiwa cha Saa Nane kimewekewa akiba hadi kitinda mimba akue kidogo. Gharama yote haikufika nusu ya ile iliyokusudiwa, na usiku watoto walilala kabla hawajamaliza kula.

Wapenzi wasomaji, mahali pazuri hapako mbali kila mara. Pengine ni kiwanja cha parokia, uwanja wa shule, au bustani ya mji ambayo tumeizoea hata hatuioni tena. Na kama kiwanja hicho kina shimo, chupa au bembea mbovu, akina baba wachache wa jumuiya wenye majembe, misumari na toroli ya mchanga wanaweza kukitengeneza kwa Jumamosi moja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika familia yetu, ni nani anayehitaji uangalifu zaidi tunapotoka, naye tumewahi kumuuliza anapenda kwenda wapi?

2. Mara ya mwisho tulipotoka, nani hasa alikuwa akiwatazama watoto?

3. Ni kiwanja gani cha karibu ambacho jumuiya yetu inaweza kukisafisha kabla ya likizo ijayo?