Sarufi na Mapigo katika Ushairi wa Kiingereza wa Karne ya 16 na ya 17

1.0 Utangulizi

Msomaji aliyelelewa katika kanuni za ushairi wa kimapokeo wa Kiswahili huupima mshororo kwa kuhesabu mizani: 8 katika utenzi, 16 katika shairi la kawaida. Anapozifikia tamthilia za Marlowe na Shakespeare, hukuta mishororo isiyo na vina, mingi ikiwa na silabi 10, mingine 11, na mingine ikionekana kuwa na 9 tu. Ni rahisi kuiita guni. Makala haya yanadai kwamba hukumu hiyo hutokana na kuitenga sarufi na mapigo, ilhali katika ushairi huo kimoja hakisomeki bila kingine.

2.0 Msingi wa mapigo

Mshororo huo una nafasi 10, na kwa kawaida mkazo huangukia nafasi za shufwa, yaani ya 2, 4, 6, 8 na 10. Henry Howard, Mwinyi wa Surrey aliyeuawa mwaka 1547, aliutumia bila vina alipotafsiri sehemu za Aeneid ya Virgil. Kaida hiyo inaruhusu hitilafu mbili mashuhuri: jozi ya kwanza inaweza kuanza na mkazo, na silabi ya 11 isiyo na mkazo inaweza kuongezwa mwishoni.

3.0 Sarufi kama hazina ya silabi

Lugha ya wakati huo ilikuwa katika mabadiliko, na maumbo ya kale na mapya yaliishi pamoja. Kwanza, kiambishi cha wakati uliopita kiliweza kutamkwa kama silabi kamili au kumezwa: 'loved' silabi mbili, 'lov'd' moja. Mhariri anayesawazisha tahajia hizi huiba silabi, na mshororo huonekana pungufu. Pili, nafsi ya tatu umoja ilikuwa na 'loveth' na 'loves', silabi mbili dhidi ya moja. Tatu, kitenzi kisaidizi 'do' kiliwekwa hata katika sentensi yakinishi isiyo na msisitizo, na hivyo kuongeza silabi kabla ya kitenzi kikuu.

Nne ni viwakilishi. 'Thou' ilimhusu mtu mmoja, hasa wa karibu au wa hadhi ya chini. 'You' ilikuwa ya wengi, au ya mmoja kwa heshima. Mhusika anayehama kutoka 'you' hadi 'thou' anaweza kuonyesha mapenzi au dharau. Kwa kuwa 'thou' hudai upatanisho wake katika kitenzi, uhusiano wa wahusika hugusa pia hesabu ya silabi.

4.0 Je, mapigo yaliilazimisha sarufi?

Inaweza kudaiwa kwamba maumbo hayo yalibuniwa ili kujaza nafasi. Ushahidi wa nathari unapinga dai hilo. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 ina viambishi vya '-eth' na matumizi ya 'did' katika sentensi yakinishi, pasipo mizani yoyote ya kutimiza. Mshairi hakuvunja sarufi. Alichagua miongoni mwa maumbo ambayo lugha ilimpa.

5.0 Hitimisho

Suala hili linawagusa wafasiri. J. K. Nyerere alitafsiri Julius Caesar (1963) na Mabepari wa Venisi (1969), S. S. Mushi alitafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969). Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo mshororo unaomalizikia kwa neno la silabi mbili au zaidi hauwezi, kwa kawaida, kufungwa na mkazo. Silabi ya 11, iliyo hiari katika Kiingereza, ingekuwa karibu lazima katika Kiswahili. Aidha, Kiswahili Sanifu hutofautisha 'wewe' na 'nyinyi' kwa idadi. Heshima hubebwa zaidi na maneno kama 'bwana', 'mzee' na 'shikamoo'. Mfasiri hana budi kwanza kutambua kile ambacho umbo la kisarufi linafanya katika mshororo, ndipo aamue kitakachobaki na kitakachofidiwa. Kwa mwanafunzi, njia ni hiyo hiyo: mshororo unapoonekana pungufu, achunguze sarufi yake kabla ya kumlaumu mshairi.