Kisu Kina Loki, Sawa, Lakini Loki ya Nini?

Ukifanya msako katika hosteli yoyote hapa chuoni leo, hutamaliza ghorofa ya kwanza kabla hujajaza beseni kwa visu vya kukunja. Sisemi kwa ubaya. Mimi mwenyewe ninacho. Kachumbari haikatwi kwa rula, na embe ulilonunua getini saa tatu usiku halimenywi kwa meno, ingawa wapo wanaojaribu. Kisu cha kukunja ni kidogo, bei yake inabebeka, na kinaingia mfukoni. Hapo kwenye kuingia mfukoni ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Muhula uliopita mwenzangu tunayekaa chumba kimoja alikuwa amesimama kwenye daladala iliyojaa, konda akadai nauli. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu. Kisu chake kilikuwa kimefunguka humo ndani, si chote, labda robo tu, lakini robo inatosha. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vilikatwa upande wa ndani, na kano moja ikaguswa. Alishonwa, akafungwa bendeji, mitihani ikamkuta hawezi kushika kalamu, ikabidi aombe kuahirisha. Mpaka leo kidole kile hakikunjiki chote. Na huyu ni mwalimu mtarajiwa, mtu ambaye atashika chaki maisha yake yote.

Alichokuwa akikirudia siku ile, tukiwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri kuitwa, ni sentensi moja: "Lakini kile kisu kina loki!" Ni kweli kina loki. Nilikichukua baadaye nikakaa nacho mezani kwa muda mrefu, nikikifungua na kukifunga, ndipo nikaona jambo ambalo nadhani wengi wetu hatujawahi kulifikiria. Loki ya kisu cha kukunja, kwa visu vingi, inafanya kazi kisu kikiwa wazi tu. Kazi yake ni kuzuia ubapa usirudi ukakukata vidole wakati unakata kitu. Ukishakifunga, ile loki imeenda likizo. Kinachouzuia ubapa usitoke mfukoni ni kitu kingine kabisa, na mara nyingi ni kitu dhaifu zaidi.

Tuvitazame kwa aina. Vile visu vya zamani, na vile vyekundu vya Uswisi vyenye zana nyingi, vina springi ndefu ya chuma inayopita mgongoni mwa mpini. Springi hiyo inakandamiza kitako cha ubapa muda wote. Ukianza kuufungua unahisi unakataa, na ukiuachia kabla haujafika mbali unarudi wenyewe, tak! Halafu hauna kitu kinachojitokeza nje; lazima uingize ukucha kwenye kile kijifereji ndipo uuvute. Kwa mfukoni aina hii ni ya kuaminika, mradi springi haijachoka. Visu vya loki ya mgongoni navyo ni ndugu zake, kwa sababu springi ileile inayofunga loki ndiyo inayousukuma ubapa ubaki ndani.

Sasa njoo kwenye hivi vinavyouzwa zaidi siku hizi mezani kwa wamachinga, vyeusi, vyenye matundu matundu na kibanio cha kuning'iniza mfukoni. Vingi vina loki ya sahani: ndani ya mpini kuna sahani nyembamba ya chuma, na kisu kikifunguka sahani hiyo inaruka pembeni na kukaa nyuma ya ubapa. Mtindo huu kwa sura yake ya kisasa ulitengenezwa na Mmarekani Michael Walker mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ukitengenezwa vizuri hauna shida. Lakini angalia kinachoushika ubapa ukiwa umefungwa. Ni gololi ndogo kuliko punje ya mtama, imepachikwa kwenye ile sahani, nayo inaingia kwenye kitundu kidogo ubavuni mwa ubapa. Basi, hicho tu. Kwenye kisu cha bei rahisi kitundu hakina kina cha kutosha, au gololi imelika, au sahani haina nguvu ya kuikandamiza. Ongeza na kile kipini cha kusukumia kwa dole gumba kinachojitokeza nje, ambacho funguo au mshono wa mfuko unaweza kukisukuma vilevile kama dole gumba lako. Wenzo ni wenzo, haujali nani kausukuma.

Vibaya zaidi ni vile vyenye springi ya kusaidia kufungua. Unakisukuma kidogo, springi inamalizia. Vijana wanavipenda kwa sababu vinafanya "chaa!" kama sinema. Ila fikiria: kwenye kisu cha kawaida ubapa ukisukumwa kidogo mfukoni unatoka kidogo. Hiki ukikisukuma kidogo kinataka kumaliza safari, na kitakachokizuia ni nguo yako na ngozi yako.

Mfano unaonifurahisha zaidi uko mbali kidogo, Ufaransa. Mwaka 1890, huko Savoie, Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu cha kukunja chenye mpini wa mti, kisicho na springi yoyote. Ubapa unashikwa na mbano wa mti wenyewe, unaovimba hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikiwa kavu. Mwaka 1955 ikaongezwa pete ya chuma inayozungushwa, na ukishafungua kisu, pete inauzuia ubapa usirudi. Ilipofika mwaka 2000 pete hiyo ikaboreshwa ili iweze kuufunga ubapa hata ukiwa ndani ya mpini. Piga hesabu: miaka 45 kati ya kulinda vidole vya anayekata na kulinda paja la anayebeba. Hao ni mafundi, familia iliyokula kwa visu vizazi kadhaa. Sasa wewe ulienunua chako kwa haraka kituoni huku gari likipiga honi, ulikagua nini?

Kiswahili kina neno zuri ambalo tunalisahau: ala. Kisu kisichokunjwa kina ala yake. Ukimtazama Mmasai, sime yake ni ndefu mara kadhaa kuliko kisu chako, lakini imezama kwenye ala ya ngozi kiunoni, ncha haionekani. Kisu cha kukunja hakina ala nyingine zaidi ya mpini wake. Kwa hiyo mpini ukilegea, au ukijaa takataka, umebeba kisu kisicho na ala, karibu na mahali pabaya sana mwilini.

Kuhusu hapo mahali, nyie wa baiolojia mtanivumilia. Mfuko wa mbele wa suruali unalala juu ya paja, chini kidogo ya kinena. Katikati ya kinena ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu, ateri ya paja, na pale juu haujazama sana. Ukibonyeza kwa vidole unasikia mapigo. Unapokaa au kupanda bodaboda, nguo inabana na vitu vya mfukoni vinasukumwa kuelekea kwenye mkunjo huohuo. Majeraha mengi ya visu vya mfukoni yataishia kuwa ya vidole na mikwaruzo, sitaki kumtisha mtu. Ila ateri hiyo ikikatwa, damu inayotoka inaweza kummaliza mtu ndani ya dakika chache.

Hebu basi chukua kisu chako sasa hivi ukikague. Kifunge, kigeuze ule mwanya wa ubapa utazame chini, kiweke juu ya godoro mbali na mwili wako, halafu kitikise kwa nguvu ya wastani. Ubapa ukichungulia, hicho si kisu cha mfukoni, ni kisu cha droo. Kisha tazama ncha: inatakiwa izame yote chini ya kingo za mpini. Mara nyingi haizami kwa sababu ya nyuzi za nguo na vumbi vilivyojikusanya ndani ya mwanya. Vitoe kwa kijiti cha kuchokolea meno, si kwa kidole. Mwisho, shika ubapa ukiwa wazi uutikise kulia na kushoto. Ukicheza, kaza skrubu ya mhimili. Kama ni riveti, fundi anaweza kuigonga kidogo, ila kwa kisu cha bei ya soda mbili sioni sababu ya kuhangaika.

Na kubeba je? Mimi changu kinakaa kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ndani ya kipochi. Anayelazimika kukiweka mfukoni akipe mfuko wake peke yake, bila funguo wala sarafu. Kama kina kibanio, kisogeze hadi kwenye mshono wa nyuma wa mfuko, ule upande wa mwanya ukiuelekea mshono, ili mshono wenyewe uuzuie ubapa usitoke. Ncha ikielekea juu na kisu kikafunguka kidogo, mkono unaoshuka kutafuta nauli unakutana nayo moja kwa moja. Hilo ndilo lililompata mwenzangu. Na kuna dawa ya bei ya bure: kata pete ya upana wa vidole viwili kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, uivishe kisu kikiwa kimefungwa. Haipendezi machoni, najua. Lakini hakuna funguo itakayoshindana nayo.

Kwa sisi tunaokwenda mazoezi ya kufundisha, shule nyingi zinakataza wanafunzi kuja na visu, na nakubaliana nazo. Ila mtoto huyohuyo akirudi nyumbani anamenya miwa, anakata majani ya mbuzi, na kisu kimo mfukoni. Katazo halimfundishi kukagua ncha. Kipindi cha wenzo, dakika kumi tu na mchoro ubaoni, zinatosha kabisa.

Ikitokea mtu amechomwa, mambo ni machache. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia achia kuchungulia kama damu imekata. Likiwa la paja, mlaze chini na ubonyeze kwa uzito wa mwili wako huku wengine wakitafuta gari. Kisu kikiwa bado kimezama, usikichomoe. Kizungushie vitambaa kisicheze, na uache daktari akitoe, kwa sababu huenda ndicho kinachoziba mshipa. Usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Na hata kama ni kidole tu na kimeacha kuvuja, nenda zahanati uulizie chanjo ya pepopunda, na umwoneshe tabibu kama kidole kinakunjika na kunyooka chote. Kano iliyokatika haipigi kelele siku ya kwanza.