Umenunua Simu Iliyotumika, Imekuja Tofauti? Fanya Hivi

Tangazo lilisema simu ni ya GB 128 na kioo ni orijino. Umelipa, mtu wa boda ameileta, kumbe ni GB 64 na kioo kilishabadilishwa. Sasa?

Kwanza, usiombe pesa irudishwe eti ulikosea nambari. Ulimlipa mtu uliyemkusudia, kwa hivyo huu ni mzozo wa mauziano. Ushahidi ndio utakusaidia.

1. Usianze kuitumia. Piga picha ya simu na ya sehemu ya mipangilio inayoonyesha GB.
2. Hifadhi tangazo kabla halijafutwa, pamoja na mazungumzo yenu. Usifute meseji ya malipo: ina jina, kiasi, saa na nambari ya muamala.
3. Mwandikie muuzaji, usipige simu tu. Sema unachotaka, kurudishiwa pesa au kupunguziwa bei, na umpe siku ya mwisho.

Akikataa? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane nayo, hata kama imetumika. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujitetea bila wakili.

Siku nyingine, kutaneni mahali penye watu. Washa simu, piga *#06# ulinganishe IMEI na ya boksi, ndipo ulipe. Akisema, "Tuma kwanza, kuna wengine wanaitaka," basi waachie hao wengine.