Somo: Pikipiki ya Kazi, Barabarani na Nyumbani



Somo letu safari hii linahusu chombo ambacho wengi wetu tunakipanda kila siku ingawa hakuna aliyetufundisha. Wapo wanaozunguka matawi kwa kazi ya chama kama sisi. Wapo makarani wa majani ya chai, mabwana shamba, wauguzi wa vijijini na wasoma mita, ambao walikabidhiwa pikipiki na ufunguo wake, basi. Tunayoyasema hapa tumeyapata katika njia zetu za magharibi ya Uganda, barabara ya Mbarara, Ishaka na Kasese, na zile za udongo mwekundu zinazoingia mashamba ya chai. Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo watayatambua, maana milima ni ileile na vumbi ni lilelile.

Kwanza kisa. Karani mmoja wa majani alianguka kwenye mteremko akavunjika mguu. Breki ya nyuma ilikuwa imekwisha, na alikuwa amemwambia msimamizi wake mara tatu, kwa mdomo. Mwajiri akasema huo ni uzembe, akaanza kumkata mshahara kulipia taa, hendeli na tangi lililobonyea. Sisi wa chama tukaenda ofisini kumtetea. Maneno tulikuwa nayo mengi, karatasi hata moja hatuna. Meneja alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akanyosha kidole dirishani kuonyesha pikipiki yetu wenyewe chini ya mti. Tairi lake la nyuma lilikuwa laini kama kipara. "Na ile pia nimeiharibu mimi?" akauliza. Tulinyamaza. Makato yalisimama baada ya miezi minne ya kwenda na kurudi, lakini fedha zilizokwisha katwa hazikurudi. Siku ile ndipo tulipoanza kujifunza haya.

BARABARANI

Kabla ya kupiga kiki, izunguke pikipiki. Bonyeza matairi, minya breki zote mbili, washa taa, tazama chini kama kuna oili iliyodondoka. Hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Helmeti ivaliwe na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Isiyofungwa hutangulia kuanguka kabla ya mwenyewe. Watafiti waliokusanya habari za nchi nyingi walitoa hesabu mwaka 2008 kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Iliyokwisha kugonga chini mara moja haifai tena, hata kama nje inang'aa.

Wengi wetu tunaiogopa breki ya mbele kwa sababu tuliambiwa inabwaga mtu. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito wote wa pikipiki hukimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linaloshika zaidi. Tumia zote mbili pamoja. Ya mbele iminye taratibu, usiinyake. Kwenye changarawe iguse tu. Tena tufanye hesabu: mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu meta 17 kwa kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja tu kumwona mbuzi, meta 17 zimekwisha kabla mkono haujagusa breki.

Sasa mteremko, kwani hapo ndipo ndugu zetu wengi wanapoumia. Chukua Kichwamba, pale barabara inapoacha vilima vya Bunyaruguru na kushuka kwenye Bonde la Ufa. Mtindo wa vijana ni kuzima injini, kuweka gea huru na kuteleza mpaka chini ili kuokoa petroli. Petroli wanayoiokoa ni kikombe. Wanachopoteza ni nguvu ya injini inayoizuia pikipiki, hivyo kazi yote inaachiwa breki. Breki hizi za ngoma zikipata moto sana hazishiki. Shuka kwa gea ileile ambayo ungepandia, na breki ziguse kwa vipindi, zisiminywe mfululizo. Wenye injini ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli kama Yamaha AG100, wana jambo la ziada: ukifunga mafuta kwa muda mrefu huku injini inazunguka kwa kasi, oili nayo inapungua ndani. Minya klachi mara kwa mara, fungua mafuta kidogo ipate kulainika, kisha achia klachi polepole. Na chini ya Kichwamba barabara inapita mbuga ya Queen Elizabeth mpaka daraja la Katunguru. Pita kabla ya jua kuzama. Nyati hana taa ya nyuma.

Mvua za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba, huugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ndani ya kona, fuata mkondo wa magurudumu ya magari. Kwenye mashimo simama juu ya vikanyagio ili magoti yafanye kazi ya springi. Lori likikutimulia vumbi, simama pembeni liende zake. Mkutano wa tawi utasubiri.

Mzigo ukae chini na karibu na mgongo wako. Sisi tuliwahi kufunga magazeti ya chama juu kabisa ya keria, na kila kilima usukani ukawa mwepesi kama wa kuchezea.

Kwa wanaovuka mipaka: Uganda, Kenya na Tanzania tunapita kushoto, bali Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia. Ukitoka Mpondwe kuingia Kasindi umebadilisha upande. Pale mpakani hutakosea, maana uko macho. Utakosea baadaye, ukitoka kunywa chai na barabara ni tupu. Funga kitambaa kwenye hendeli ya kulia, ukumbuke kila unapopanda. Na uwe na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya madhara utakayomfanyia mwingine katika nchi ya jirani.

NYUMBANI

Kitabu cha mashine yetu kimeandikwa kwa Kiingereza, na darasa la saba letu halikufikia Kiingereza hicho. Tulimketisha binti wa mmoja wetu aliyekuwa sekondari, akasoma, nasi tukaandika namba kwa chaki ukutani: upepo wa matairi, kiasi cha oili, nafasi ya plagi, ulegevu wa cheni. Kila aina ina namba zake, kwa hiyo usichukue za jirani.

Cheni ndiyo inayoteseka kuliko vyote. Isafishe kwa brashi na mafuta ya taa huku injini imezimwa kabisa (vidole vimekatwa kwa kusafisha cheni inayozunguka). Ifute, kisha ipake oili nzito upande wa ndani. Halafu ipime katikati ya sehemu ya chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo inatakiwa kucheza juu na chini kiasi cha sentimeta 2 hadi 3. Zungusha gurudumu upime mahali kadhaa, maana cheni haichakai sawasawa. Ukiivuta, hakikisha alama za kushoto na kulia zinalingana, la sivyo gurudumu litakaa upande. Kaza nati ya ekseli, kisha pima upya breki ya nyuma, kwa sababu gurudumu limesogea na waya au chuma cha breki kimebadilika. Hapo wengi husahau. Mmoja wetu aliikaza cheni kama uzi wa zeze akidhani amefanya vizuri. Kijana fundi wa Ishaka akaigusa kwa kidole, akasema, "Mzee, shikamoo, lakini umeniletea kazi. Hii inakula beringi." Na kweli zilikwisha liwa.

Oili ya injini ya mipigo minne ipimwe pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Imwage ikiwa bado na joto, maana hutoka na uchafu wake. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima, nayo ni mbaya kwa ngozi, hivyo nawa kwa sabuni.

Chujio la hewa kwa vumbi letu lisingoje kitabu. Litazame kila wiki wakati wa kiangazi. La sponji lifuliwe kwa mafuta ya taa, lisifuliwe kwa petroli inayoweza kuwaka moto. Likauke, lipakwe oili kidogo, likamuliwe. La karatasi ligongwegongwe tu, likiziba sana libadilishwe. Plagi itakuambia habari ya ndani: rangi ya kahawia ni afya, nyeusi yenye masizi mara nyingi ni chujio lililoziba au petroli nyingi, nyeupe ni joto kupita kiasi. Pikipiki ikikohoa baada ya kujaza petroli ya chupa kandokando ya njia, shuku maji. Legeza skrubu iliyo chini ya kabureta, uyamwage.

Spoku zigongwe kwa spana moja baada ya nyingine. Iliyolegea hulia sauti ya kufa. Katika mfuko wa safari tunabeba tyubu moja, viraka na gundi yake, tairi leva mbili, pampu, plagi, kiungo cha cheni, waya wa klachi na tochi.

DAFTARI

Haya yote ni nusu ya somo. Nusu nyingine ni daftari la shilingi chache. Kila Jumamosi andika tarehe, kilomita, kilichofanywa na kilichoharibika. Ikiwa pikipiki ni ya mwajiri, kila hitilafu iandikwe kwenye karatasi mbili zenye kaboni, msimamizi atie sahihi, nakala moja ubaki nayo. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, pamoja na jina la aliyekuwepo. Karani wetu angekuwa na karatasi tatu kama hizo, tusingehitaji miezi minne.

Tunayo pia nguvu nyingine ambayo siku ile ofisini hatukuijua. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 19 kinasema mfanyakazi aliyetoa taarifa ya hatari kubwa iliyo karibu asilazimishwe kurudi kwenye hatari hiyo mpaka mwajiri airekebishe. Tangu Juni 2022 mazingira salama ya kazi yamehesabiwa miongoni mwa kanuni za msingi za Shirika hilo, na nchi wanachama zinapaswa kuziheshimu hata kama hazijaridhia mkataba wenyewe. Kwa hiyo helmeti, tairi na breki za pikipiki ya mwajiri ni mambo ya kuingiza katika mkataba wa hali bora, kwa kuyataja kwa majina.

Ndugu wa boda boda hawana meneja wa kumpelekea karatasi. Kwao tunaona bora stendi moja ichangie pampu nzuri, spana kamili na tairi leva, vikae kwa mwenyekiti. Zipo stendi zinazofanya hivyo, nazo hazimngoji fundi kwa kila pancha.

MASWALI YA KIKUNDI CHA KUJISOMEA

Je, katika tawi lenu nani hulipa tairi linapokwisha, na imeandikwa wapi? Ni wangapi wana helmeti isiyowahi kuanguka? Mlete pikipiki moja kwenye mkutano, mpime cheni mbele ya wote, kisha mjadili: hitilafu ya mwisho mliyoitoa kwa mdomo ilikuwa ipi, na kwa nini haikuandikwa? Katibu aandike majibu, nasi tutayachukua tutakapopita.