Misaada ya Janga: Nani Yumo Daftarini?

Ndugu Waislamu, janga likiingia, swali si kiasi gani kimetolewa tu, bali pia kimemfikia nani. Tuchukue mfano wa Kenya mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona.

Serikali ilimwondolea kodi ya mapato kila mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi. Kodi ya Ongezeko la Thamani ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, mpaka ilipoishia Desemba mwaka huo. Shilingi bilioni 10 zikatengwa kwa ajili ya wazee, mayatima na wanyonge wengine. Vijana wa mitaa duni nao wakapewa vibarua vya usafi katika mpango wa Kazi Mtaani.

Hatua hizo ni za kupongezwa. Lakini muuza kahawa wa Mji wa Kale, Mombasa, ambako Mei 2020 kuingia na kutoka kulipigwa marufuku, hana mshahara wa kukatwa kodi. Si yatima wala mzee. Msamaha ule haukumgusa. Na kwa kuwa misikiti ilikuwa imefungwa, hata pale mlangoni ambapo hali yake ingetambulika hapakuwa na mtu.

Tukirejea historia, Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alikabiliwa na njaa ya Ramada na tauni ya Amwas, yote mwaka wa 18 Hijria. Inasimuliwa kuwa aliahirisha ukusanyaji wa zaka na kuagiza chakula kutoka majimbo mengine. Ni yeye pia aliyeanzisha Diwani, daftari la majina ya wanaostahiki kupewa kutoka Baitul-Mali. Haki ya mtu iliandikwa, hakungoja kuomba.

Basi kamati za misikiti zifanye nini? Kwanza, ziandike sasa kaya za jirani zinazoishi kwa kibarua cha siku, na daftari hilo lishikwe na waaminifu wachache. Qur'an (2:273) inatutaja mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa vile hawaombi. Pili, matajiri wakumbushwe kuwa wanazuoni wengi wameruhusu zaka kutolewa kabla ya mwaka kutimia. Tatu, aliyelemewa na deni la kodi ya nyumba anaweza kuingia katika fungu la wenye madeni (9:60).

Daftari huandikwa wakati wa salama. Janga likishafunga milango, nani atapita nyumba kwa nyumba kuuliza?

Wabillahi tawfiq.