Mshahara Ukizidi: Rudisha Kilichokufikia, Si Zaidi

Mwisho wa mwezi meseji ya benki inaingia, na salio limenenepa kuliko ulivyozoea. Usikimbilie kudhani kwamba mhasibu amekosea. Huenda ni malimbikizo ya kupandishwa daraja, saa za ziada za mwezi uliopita, au posho ya likizo uliyoisahau. Chukua slipu ya mshahara, iweke kando ya slipu ya mwezi uliotangulia, kisha shuka nazo mstari kwa mstari. Kama kuna mstari unaojieleza, kwa mfano "malimbikizo", fedha ni yako. Kama mshahara wa msingi umebadilika na hukupewa barua yoyote, au posho ileile imeandikwa mara mbili, hapo umezidishiwa.

Kukaa kimya hakusaidii. Siku wakaguzi watakapopitia vitabu, atakayeulizwa si mhasibu peke yake, na swali litakuwa kwa nini hukusema. Suala la hesabu linageuka kuwa la uaminifu, na la uaminifu huishia kwenye kikao cha nidhamu.

Toa taarifa mapema, na iwe kwa maandishi. Kumwambia mhasibu mlangoni wakati wa chai si taarifa. Andika barua pepe au barua kwa ofisi ya utumishi, nakala kwa mhasibu, nawe ubaki na yako. Haihitaji "husika na kichwa cha habari hapo juu" wala aya ya salamu. Inatosha hivi:

"Yah: Mshahara wa Mei. Benki nimepokea Sh. 928,000 badala ya Sh. 729,500 ya kila mwezi. Sina barua ya nyongeza wala madai ya malimbikizo. Naomba mhakiki, na kama ni makosa, mnipe kwa maandishi kiasi kilichozidi na namna ya kukirejesha."

Kuwahi kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Tanzania mwajiri hupeleka kodi ya mshahara TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Ukisema kabla ya hapo, marekebisho hufanyika kodi ikiwa bado haijaondoka ofisini. Ukichelewa, fedha iko kwa watu watatu: wewe, TRA na mfuko wa hifadhi ya jamii. Hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua.

Turudi kwenye ile barua. Mfanyakazi wa sekta binafsi ana mshahara ghafi wa Sh. 900,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 90,000. Kinachobaki, 810,000, kinakatwa kodi ya Sh. 80,500 kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara. Mkononi anabaki na 729,500. Mwezi huo mhasibu akaingiza 1,200,000. NSSF ikachukua 120,000, kodi 152,000, akapata 928,000. Ofisi itasema, "Tulikuzidishia laki tatu, turudishie laki tatu." Wewe kilichokufikia ni Sh. 198,500 tu. Zile 101,500 nyingine zilikwenda TRA na NSSF, na kuzifuatilia huko ni kazi ya mwajiri. Ukitoa laki tatu kutoka mfukoni mwako, na marejesho ya kodi na michango yasirekebishwe, umelipia makosa ya mtu mwingine. Kama unakatwa pia mkopo wa elimu ya juu, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi, kwa kuwa makato yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kwa hiyo kabla ya kusaini karatasi yoyote ya makubaliano, tazama kiasi kilichoandikwa ni ghafi au ni cha mkononi. Kikiwa ghafi, omba hesabu ifanywe upya.

Kurudisha kwenyewe kuna njia zake. Fedha iende kwenye akaunti ya kampuni, na kwa mtumishi wa umma ipitie namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Mtu akikupigia, "Bosi, nirushie kwenye namba yangu nikusawazishie," kata simu, hata kama sauti ni ya mhasibu unayemfahamu. Fedha iliyokwenda kwenye simu ya mtu binafsi haikulipa deni lako.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, haimruhusu mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe mshahara aliokwisha kulipwa, isipokuwa ule uliozidi kwa makosa ya kukokotoa. Kwa hiyo kudaiwa utadaiwa. Lakini makato ya deni lisiloamriwa na sheria au mahakama yanataka ridhaa yako ya maandishi, na ridhaa hiyo ndiyo nafasi yako ya kupatana. Kenya ni tofauti kidogo: Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata mwenyewe alichozidisha, ila makato yote kwa pamoja yasipite theluthi mbili ya mshahara.

Kama fedha umeshaitumia, sema umeitumia. Makosa yaliyodumu miezi minane bila ofisi kuyaona hayafai kudaiwa yalipwe ndani ya mwezi mmoja. Pendekeza miezi minane ya kulipa. Binafsi naona hilo ni ombi la haki, na mwajiri mwenye busara hulikubali, kwa sababu uzembe ulianzia kwake. Taja kiasi unachoweza kulipa ukishatoa kodi ya nyumba na ada za watoto. Ukiahidi kikubwa kwa woga, mwezi wa pili utashindwa.

Anayeacha kazi awe macho zaidi, maana deni hukatwa kwenye malipo ya mwisho, wakati mwingine lote kwa mkupuo. Omba mchanganuo kabla ya kusaini kwamba umepokea haki zako zote.

Mwajiri akikata bila makubaliano, au akikata ghafi na kukataa kusikiliza, anza na chama cha wafanyakazi kama upo kwenye chama. Ikishindikana, kwa Tanzania Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko kwa fomu namba moja, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Siku hizo zinakwisha haraka wakati ofisi inakuambia "njoo wiki ijayo".

Ukimaliza kulipa, omba barua fupi inayosema deni limekwisha. Kisha kagua slipu mbili zinazofuata, na chukua taarifa ya michango yako NSSF uone kama ule mwezi umerekebishwa. Makato ya deni yana tabia ya kuendelea mwezi mmoja zaidi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyafuta kwenye mfumo.