Kuongeza Soketi Nyumbani: Hesabu ya Mzigo Itangulie Nyundo

Umeme ulipoanza kuingia katika nyumba za vijijini kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), kaya nyingi zilianza na taa chache na soketi moja au mbili. Nyumba ndogo nyingine ziliunganishwa kwa kifaa cha Umeme Tayari, maarufu kama UMETA, ambacho ni ubao mmoja wenye soketi, taa na vifaa vya kinga, na hakihitaji nyaya kutandazwa nyumba nzima. Kwa mwanzo huo ilitosha. Leo nyumba ileile ina simu nne za kuchaji, redio, televisheni, pasi na pengine jokofu, na soketi imebaki ile moja.

Matokeo yake yanaonekana katika nyumba nyingi za Nyamahanga na kata jirani: ekstensheni imechomekwa juu ya ekstensheni, waya umepita chini ya mkeka au nyuma ya kitanda, na plagi inawaka moto ikiguswa. Dawa ya hali hiyo ni kuongeza soketi za kudumu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri huleta usalama na raha, na ikifanywa vibaya huficha hatari ndani ya ukuta. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwenye nyumba anapaswa kuyaelewa kabla ya kumwita fundi.

Soketi haili umeme

Wapo wanaoogopa kuongeza soketi kwa kudhani kwamba uniti za LUKU zitakwisha haraka. Soketi tupu haitumii umeme. Kinachotumia ni kifaa kilichochomekwa. Uniti moja ni sawa na wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Chaja ya simu ya wati 10 ikifanya kazi kwa saa mbili hutumia uniti 0.02. Pasi ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo kwa saa moja hutumia uniti 1.5, kiasi ambacho kingechaji simu hiyo mara 75.

Hata hivyo, soketi mpya hukaribisha vifaa vipya. Kaya iliyo katika kundi la watumiaji wadogo, yaani wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ikumbuke kwamba birika na jiko la umeme vinaweza kuivusha kiwango hicho na kuipeleka kwenye bei ya juu zaidi.

Hesabu ya mzigo

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Soketi ya kawaida ya matundu matatu ya mraba imetengenezwa kubeba ampea 13. Kuzidisha namba hizo mbili kunatoa wati 2,990, na huo ndio ukomo wa soketi moja.

Tuchukue mfano wa ekstensheni moja iliyochomekwa pasi ya wati 1,500 na birika la wati 2,000. Jumla ni wati 3,500, sawa na ampea 15 na ushei. Mzigo huo umepita uwezo wa soketi. Fyuzi iliyo sahihi hukatika mzigo unapozidi sana. Lakini pale ambapo fyuzi imeondolewa na kipande cha waya kuwekwa mahali pake, hakuna cha kukatika, na joto litaendelea kupanda hadi plastiki iyeyuke.

Kwa hiyo mwenye nyumba aorodheshe kwanza vifaa vyake, asome wati zilizoandikwa kwenye kila kimoja, kisha aone vipi hutumika kwa wakati mmoja. Orodha hiyo ndiyo atakayomkabidhi fundi. Mwenye UMETA azingatie kwamba kifaa hicho kimekusudiwa matumizi madogo. Akitaka soketi katika kila chumba, nyumba hutakiwa kutandazwa nyaya upya na ofisi ya TANESCO kuarifiwa.

Waya, breka na ethi

Kosa linaloonekana sana ni kuvuta soketi mpya kutoka kwenye waya wa taa kwa sababu uko karibu. Nyaya za taa kwa kawaida zina unene wa milimita za mraba 1.5, ilhali za soketi huanzia 2.5. Pasi ikichomekwa kwenye njia ya taa, waya huo mwembamba hubeba mzigo usio wake.

Breka nayo ilingane na waya. Njia ya soketi yenye waya wa milimita za mraba 2.5 unaokwenda upande mmoja hulindwa kwa breka ya ampea 20. Breka inayokatika mara kwa mara inatoa onyo kwamba mzigo umezidi au kuna hitilafu. Kuibadilisha kwa breka kubwa zaidi bila kubadilisha waya ni kumnyamazisha mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Waya wa tatu, wa ethi, wenye rangi ya kijani na njano, hupuuzwa kwa sababu vifaa huwaka hata usipokuwepo. Kazi yake huonekana siku ya hitilafu: bati la jokofu au pasi likiguswa na waya wenye umeme, ethi huupeleka umeme ardhini na breka ikakata. Bila ethi, umeme hubaki kwenye bati ukimngoja mtu wa kuligusa. Ni vyema pia kuweka kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampea 30, hasa katika nyumba yenye watoto.

Matundu ya USB

Soketi zenye matundu ya USB humwezesha mtu kuchaji simu bila chaja ya plagi, na soketi kuu ikabaki huru. Mambo matatu yaangaliwe. La kwanza ni nguvu yake. Tundu lililoandikwa ampea 2.1 kwa volti 5 hutoa wati 10.5, na mara nyingi kiasi hicho ni cha matundu yote kwa pamoja. Simu mbili zikichomekwa hugawana, na zote huchelewa kujaa. La pili ni kina cha kisanduku cha ukutani. Soketi hizi ni nene nyuma, hivyo kisanduku chenye kina cha milimita 35 hufaa zaidi kuliko kifupi kinachobana nyaya. La tatu ni ubora: alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) itafutwe kabla ya bei kujadiliwa.

Mahali pa kuweka

Soketi iwe mbali na maji na moshi wa jiko, na juu ya sakafu kiasi cha kutofikiwa na maji ya kupigia deki. Katika nyumba za matofali ya udongo, nyaya zipite ndani ya mabomba ya plastiki, kwa kuwa unyevu na panya huharibu nyaya zilizo wazi. Misimu ya mvua za radi ikifika, vifaa vichomolewe mapema kabla radi haijakaribia.

Nani afanye kazi

Mita ya LUKU na lakiri yake ni mali ya TANESCO, na hakuna fundi wa mtaani anayeruhusiwa kuifungua. Nyaya zilizo baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba, lakini kazi yake hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla ya malipo ya mwisho, mwenye nyumba aulize maswali haya:

1. Leseni yako iko wapi?
2. Soketi hizi zimetoka kwenye njia ipi, na breka yake ni ya ampea ngapi?
3. Ethi imepimwa?
4. Kila soketi imejaribiwa kwa mzigo?

Fundi wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Dalili za hatari

Harufu ya plastiki inayoungua, soketi yenye weusi, cheche wakati wa kuchomeka, au mshtuko mdogo unapogusa kifaa: moja tu kati ya hizo inatosha kuzima swichi kuu na kumwita fundi. Mtu akinaswa na umeme asishikwe kwa mikono mitupu. Umeme uzimwe kwanza. Moto wa umeme usimwagiwe maji, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.

Umeme umesogezwa karibu. Katika Mto Kagera, mtambo wa Rusumo wenye uwezo wa megawati 80 unazihudumia kwa pamoja Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yake ya kilovolti 220 inafika Nyakanazi, ndani ya Wilaya ya Biharamulo. Hatua chache za mwisho, kutoka kwenye mita hadi kitandani anapolala mtoto, zimo mikononi mwa mwenye nyumba. Kinga ni bora kuliko tiba, na gharama ya mita chache za waya sahihi haiwezi kulinganishwa na gharama ya kujenga nyumba upya.